Miwani janja: ile isiyoonyesha kitu ndiyo itakayoenea

Kabla ya kuuliza miwani janja ina akili kiasi gani, iweke kwenye mizani. Miwani ya kawaida ya macho ina gramu 20 hadi 30. Ray-Ban Meta iliyotoka Oktoba 2023, ambayo ndiyo iliyoonyesha kwamba bidhaa hii inaweza kuuzwa kwa mamilioni, ina takriban gramu 49. Meta Ray-Ban Display ya Septemba 2025, yenye skrini ndani ya lenzi ya kulia, ina gramu 69. HoloLens 2 ya Microsoft, kifaa cha kuvaa kichwani chenye skrini, ilikuwa na gramu 566, na uzalishaji wake ulisimamishwa mwaka 2024. Vision Pro ya Apple inazidi 600, na betri yake unaiweka mfukoni kabisa. Ukizipanga hivyo utaona kwamba watu wananunua zile zinazokaribia gramu 30, hata kama zinafanya mambo machache.

Msimamo wangu ni huu: miwani yenye spika, maikrofoni na kamera, isiyo na skrini, itakuwa kitu cha kawaida kwa watu ambao tayari huvaa miwani. Yenye skrini itachelewa miaka mingi zaidi. Na zote mbili zitaendelea kuitegemea simu, kwa hiyo anayesubiri simu ife asubiri akiwa amekaa.

Sababu ya kwanza ni betri, na hesabu yake ni nyepesi. Ray-Ban Meta ya 2023 ina betri ya mAh 154. Zidisha kwa volti 3.85, unapata kama wati-saa 0.6. Simu ya mAh 5,000 ina wati-saa 19 na ushee. Miwani inaishi kwa sehemu moja ya thelathini ya nishati ya simu. Kampuni ilitangaza saa 4 za matumizi, gawanya 0.6 kwa 4, unabaki na wati 0.15. Kwa wati hizo lazima ulishe chipu, redio ya bluetooth, maikrofoni 5, spika 2 na kamera ya megapikseli 12. Ukianza kurekodi video mfululizo au kurusha mubashara, hesabu inavunjika papo hapo. Ndiyo maana klipu huwekewa kikomo cha muda, na ndiyo maana kazi nzito hutupiwa simu, nayo simu huzitupia seva zilizo mbali.

Kwa nini wasiweke betri kubwa? Uzito ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni joto. Simu ikichemka unaihamisha mkono au unaiweka mezani. Mkono wa miwani umelala kwenye panja lako, juu ya sikio, na hauna pa kwenda. Kitu kinachogusa ngozi muda mrefu hakitakiwi kuzidi nyuzi 43 hivi. Sasa, kifaa hupoa kwa kumwaga joto hewani, na joto humwagika kwa kadiri ya tofauti iliyopo kati ya kifaa na hewa. London kwenye nyuzi 15 mtengenezaji ana nafasi ya nyuzi 28 za kuchezea. Dar es Salaam au Mombasa mchana wa Februari, kwenye nyuzi 33, ana 10 tu. Kifaa kilekile, programu ileile, lakini huku kwetu kitapunguza kasi au kuzima kamera mapema zaidi. Majaribio mengi unayoyaona kwenye video za YouTube yamefanyiwa California na Ulaya. Yasome ukiwa na hilo kichwani.

Betri ndogo ina balaa jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Betri ya lithiamu hupoteza takriban asilimia 20 ya uwezo wake baada ya kama mizunguko 500 ya kujaa na kuisha. Simu unaichaji mara moja kwa siku, kwa hiyo 500 ni mwaka mmoja na nusu. Miwani ya saa 4 ukiitumia mfululizo kwa saa 12 inakula mizunguko mitatu kwa siku, na 500 inatimia ndani ya miezi sita. Ukiivaa kutwa lakini ukaitumia dakika chache chache, utaishi nayo vizuri. Ukiifanya redio ya kutwa nzima, betri itachoka kabla hujamaliza kulipa mkopo wa kuinunulia. Toleo la pili la Ray-Ban Meta, la Septemba 2025, limetangazwa kufika saa 8 kwa chaji moja, na kwa maoni yangu hilo ni badiliko kubwa kuliko kipengele chochote cha akili mnemba walichokiongeza. Lakini betri bado imefungiwa ndani kwa gundi. Fundi simu mzuri anayebadilisha betri ya simu kwa dakika ishirini hawezi kuifikia bila kuvunja mkono wa fremu. Alibaba wa China wametoa miwani ya Quark ambayo betri yake inachomolewa na kubadilishwa, na ningependa wengine wote waige hapo.

Sababu ya pili ni skrini yenyewe. Nyoosha mkono mbele yako, tanua vidole, upime shubiri, kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Eneo hilo ni takriban nyuzi 20 (za pembe, si za joto) za upana wa kile macho yako yanachokiona, na ndiyo ukubwa wa picha ya Meta Ray-Ban Display: shubiri moja, kwenye jicho moja tu, pikseli 600 kwa 600. Inatosha ujumbe wa WhatsApp, mshale wa ramani na tafsiri ya maneno. Haitoshi kuangalia mpira.

Kuipata hiyo shubiri si kazi ndogo. Projekta ndogo sana imefichwa kwenye mkono wa fremu. Inarusha mwanga ndani ya kioo chembamba; mwanga unasafiri humo kwa kugonga kuta za ndani, kama maji yanavyofuata mfereji, kisha unatolewa taratibu mbele ya mboni. Kila unapogonga na kila unapotolewa, mwanga unapotea. Katika vioo vya aina hii vinavyotumia mikwaruzo midogo mno ya kupinda mwanga, kinacholifikia jicho mara nyingi ni asilimia 1 au pungufu ya kilichotoka kwenye projekta. Kingine kinaishia kuwa joto, au kinatokea upande wa mbele, na anayekutazama anaona jicho lako linawakawaka kama la paka. Mikwaruzo hiyohiyo pia huchezea mwanga wa taa za dari, na wewe unaona vijipinde vya mvua pembeni. Kioo cha Display kinatumia vijioo vidogo vilivyopangwa ndani ya lenzi badala ya mikwaruzo, ndiyo maana kinavuja kidogo sana. Uzuri huo unalipiwa: kioo kama hicho ni kigumu kukitengeneza, na bei ya kuanzia ilikuwa dola 799.

Halafu lipo jua. Karatasi nyeupe iliyolala kwenye jua la saa sita mchana inang'aa kwa niti 20,000 na zaidi (niti ni kipimo cha mng'ao). Display inafika niti 5,000, kiwango kikubwa sana kwa kifaa cha aina yake, lakini bado ni chini ya ukuta uliopakwa chokaa pale Mji Mkongwe. Dawa yao ni lenzi zinazogeuka nyeusi zenyewe juani. Lenzi hizo zina tabia mbili za kujua. Hazigeuki vizuri ndani ya gari, kwa sababu kioo cha mbele cha gari huzuia miale ya urujuanimno inayoziamsha. Na kwenye joto kali huwa hazifiki weusi ule zinaoufikia kwenye baridi. Yaani mahali penye jua kali na joto kwa pamoja, ndipo zinapofanya kazi vibaya zaidi. Hiyo ni kemia, kampuni haina ujanja nayo.

Wapo walioamua kupunguza tamaa. Even Realities G1 ya 2024 haina kamera wala spika. Inaonyesha maandishi ya kijani tu. Rangi ya kijani haikuchaguliwa kwa urembo: jicho la binadamu linahisi kijani kuliko rangi nyingine, kwa hiyo unapata maandishi yanayosomeka kwa umeme mdogo. Kwa mhubiri, mwalimu au msoma taarifa anayetaka hotuba yake mbele ya macho bila karatasi, nadhani hiyo ni akili kuliko skrini ya rangi. Upande mwingine kabisa, Meta walionyesha Orion mwaka 2024: nyuzi 70 za picha, chini ya gramu 100, lenzi za silikoni kabidi. Iliripotiwa kwamba kutengeneza moja kuligharimu kama dola 10,000, na haikupelekwa sokoni. Pengo kati ya dola 799 na 10,000 ndilo linalonifanya niseme skrini zitachelewa.

Kuna jambo linalosemwa kidogo mno kwenye lugha za wenzetu, nalo ni pua. Fremu nyingi zimechorwa kwa pua yenye mgongo mrefu na mwembamba. Kwenye pua pana yenye mgongo mfupi, miwani inateleza. Miwani ya kawaida ikiteleza milimita tatu unaisukuma na maisha yanaendelea. Yenye skrini ikiteleza milimita tatu, picha inakatika chini au inapotea, kwa sababu kile kidirisha ambacho mboni lazima ikae ndani yake ni kidogo. Yenye kamera ikiteleza, utarudi nyumbani na picha hamsini za viatu vya watu. Ongeza jasho na gramu 49 na unajua kitakachotokea kwenye daladala. Kwa hiyo tafuta toleo linaloandikwa kuwa ni la pua fupi, maana kampuni kadhaa wanalo. Au mwambie fundi wa duka la miwani akubandikie visilikoni vya pua. Asiipashe moto mikono ya fremu ili kuikunja nyuma ya sikio, kama anavyofanya kwa fremu za plastiki za kawaida. Ndani mna betri na fleksi, yaani waya bapa unaopita kwenye bawaba, na joto la kikanza hewa linatosha kuviharibu vyote.

Historia inajulikana, nitaipitia mbio. Google Glass iliuzwa kwa watengenezaji programu mwaka 2013 kwa dola 1,500, ikafungwa kwa watu wa kawaida Januari 2015, ikahamia viwandani, ikazimwa kabisa Machi 2023. Snap walitoa Spectacles mwaka 2016 kwa dola 130, foleni zikapangwa, kisha mwaka uliofuata wakafuta karibu dola milioni 40 za mzigo usionunuliwa. Zote mbili zilionekana kama kifaa kilichobandikwa usoni. Ray-Ban Meta ilionekana kama Ray-Ban. EssilorLuxottica, wenye Ray-Ban, walisema mwanzoni mwa 2025 kwamba wameshauza jozi milioni 2 tangu Oktoba 2023, na wakapanga kufikia uwezo wa kutengeneza milioni 10 kwa mwaka ifikapo mwisho wa 2026. Hao ndio wenye maduka ya LensCrafters na Sunglass Hut pia. Kilichobadilika ni kwamba miwani janja ilihama duka la kompyuta ikaenda duka la miwani, na nadhani hapo ndipo ushindi wote ulipopatikana.

Hiyo inatuleta kwa mnunuzi halisi. Asiyevaa miwani hawezi kubeba gramu 49 usoni kwa ajili ya kusikiliza muziki. Earphone za sh. 20,000 zinamtosha. Lakini anayevaa miwani tangu asubuhi hadi usiku ameshalipa gharama ya pua. Kwake, kupata simu na ramani sikioni bila kuziba masikio ni nyongeza ya bure. Ila namba ya lenzi ina mipaka: Ray-Ban Meta za kawaida huchukua kuanzia -6 hadi +4, na Display -4 hadi +4 tu. Mwenye -8 hana nafasi kwenye hizo. Na ukitaka duka la hapa likukatie lenzi, peleka fremu ikiwa imezimwa, sisitiza lenzi itoke na kuingia bila kupasha fremu moto, na lenzi za zamani zirudi kwako ziwe kipimo.

Wengine watakaofaidika ni wasioona vizuri na wanaofanya kazi kwa mikono miwili. Huduma ya Be My Eyes, ambayo humuunganisha asiyeona na mtu wa kujitolea anayemwelezea kilicho mbele yake, imeunganishwa na Ray-Ban Meta. Badala ya kushika simu mkono mmoja na fimbo mkono mwingine, mkono mmoja unabaki huru. Kwenye maghala, DHL walijaribu miwani ya kuonyesha oda huko Uholanzi na mwaka 2015 wakatangaza kwamba kazi ya kuokota mizigo iliongezeka ufanisi kwa asilimia 25. Ghala lina kivuli, lina Wi-Fi, lina mahali pa kuchajia na bosi anayelipa. Miwani hutamba palipo na vitu hivyo vinne.

Kwa msemaji wa Kiswahili, kizuizi ni kingine: lugha. Miwani isiyo na skrini haina kitu cha kugusa zaidi ya kitufe na kipande cha mkono wa fremu. Unaiendesha kwa kuongea. Tafsiri ya papo kwa papo ya Ray-Ban Meta ilipoanza ilishughulikia Kiingereza, Kifaransa, Kiitaliano na Kihispania. Mwaka 2025 miwani hiyo ilipelekwa rasmi India, Mexico na Falme za Kiarabu, kwa hiyo ndugu walioko Dubai wanaiona madukani; Dar na Nairobi zinafika kwenye mabegi. Ukiiagiza, tegemea kuongea nayo Kiingereza, na tegemea majina ya mitaa kuharibiwa. Njia ya kupita ni kutumia miwani kama spika na maikrofoni tu, huku programu ya tafsiri kwenye simu ikifanya kazi. Google Translate inakijua Kiswahili, na miwani kwake ni bluetooth kama bluetooth nyingine. Picha unazoiuliza akili mnemba zinapita kwenye bando la simu yako.

Halafu kuna kamera. Taa ndogo nyeupe huwaka unaporekodi, na ukiiziba miwani hugoma kupiga. Kwenye chumba inaonekana. Kwenye jua la Kariakoo saa saba mchana haionekani ukiwa hatua tano. Zaidi ya hapo, mwaka 2025 waandishi wa habari wa Marekani waliripoti fundi anayeuza huduma ya kuiua taa hiyo kwa dola 60, na mwaka mmoja kabla wanafunzi wawili wa Harvard walionyesha jinsi video ya miwani hiyo, ikiunganishwa na mtambo wa kutafuta nyuso, inavyoweza kutoa jina na anwani ya mpita njia. Sheria zipo: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Septemba 2023 mdhibiti wa data wa Kenya alizipiga faini klabu moja ya Nairobi, Sh. 1,850,000 za Kenya, na shule moja, Sh. 4,550,000, kwa kuchapisha picha za watu bila ridhaa iliyotakiwa. Hizo zilikuwa kamera za kawaida ambazo kila mtu aliziona. Mwenye biashara anayetaka kurekodi wateja kwa miwani aanze kuhesabu hapo.

Lenye kusumbua zaidi kwa mvaaji ni dogo na la kila siku. Mlinzi wa benki atakwambia vua. Mahakamani utaambiwa vua. Msibani, msikitini, chumba cha wagonjwa, hutasubiri kuambiwa. Kama lenzi zina namba yako, ukivua huoni. Beba jozi ya kawaida, kila siku.

Ukikuta iliyokwisha kutumika inauzwa, ikague hivi. Kwanza kasha. Ray-Ban Meta haina tundu la chaji mwilini. Huchajiwa kwenye kasha lake tu, kupitia vijisahani vya chuma vilivyo upande wa ndani pale juu ya pua. Bila kasha umenunua miwani ya jua ya bei mbaya. Iweke ndani, funga, chomeka USB-C, subiri dakika kumi, uone asilimia imepanda. Vijisahani vikiwa na ukijani au weusi, jasho limeshavila. Vikiwa safi, vipanguse kwa kitambaa kikavu kila wiki. Fungua na kufunga kila mkono mara kumi huku muziki unapiga: spika ikikatika, fleksi ya bawaba inaondoka, na hiyo haitengenezeki. Piga simu ukiwa umesimama upepeni. Mwombe muuzaji aitoe kwenye akaunti yake mbele yako kisha uiunganishe na simu yako palepale, maana iliyobaki kwenye akaunti ya mtu mwingine ni pambo. Hakikisha programu yake inapatikana kwenye simu yako kabla ya kutoa hela. Na uliza kama ni Ray-Ban Stories ya 2021, iliyotangulia, au Ray-Ban Meta ya 2023; kwa mbali zinafanana, kwa kamera na sauti ni vitu viwili.

Ukishaipata, usiioshe bombani kwa sabuni kama ulivyozoea. Kiwango chake cha IPX4 ni cha matone na jasho. Na usiiache juu ya dashibodi: joto la pale hupasua utando wa lenzi kwa vijinyufa kama vya udongo mkavu, na betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa imezidi nyuzi 45. Ikitoka garini ya moto, iache kivulini nusu saa ndipo uirudishe kwenye kasha.